Mama Anaendelea Vizuri

Mama yako akifa leo nawe uko mbali, ungetaka uambiwe lini?

Usijibu haraka. Wengi hujibu haraka, "Mara moja, dakika hiyohiyo," halafu msiba ukiingia nyumbani kwao wao ndio wa kwanza kunong'ona mlangoni: "Asiambiwe kwanza, yuko masomoni." Tunaficha kwa sababu tunapenda, na upendo huo una meno. Wahenga walituachia kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakutuachia neno lolote kuhusu watu wanaoficha kilio chenyewe.

Basi palikuwa na mchora mabango mmoja ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika hata na waliompa. Watu walimwita Brashi. Upande ule wa mji huwezi kupita mitaa miwili bila kukutana na kazi yake: maduka ya dawa, gereji, saluni, na zaidi ya yote vinyozi. Vichwa alivyochora kwenye kuta za vinyozi vilikuwa ndugu wa tumbo moja, shingo ndefu, nywele zilizonyooka pembeni kama zimekatwa kwa rula, tabasamu lilelile. Fundi aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba kichwa cha binadamu ni yai, na ukilijua yai umewajua watu wote. Brashi alilishika somo hilo miaka yote. Hakuwa na haja ya kumtazama mtu. Watu walimtania kwamba angeweza kukuchora hata ukiwa umelala kwenu na taa umezima.

Siku moja msafiri alipiga picha ukuta wa kinyozi aliyekuwa rafiki ya Brashi tangu utotoni. Picha ikavuka mipaka, na baada ya miezi kadhaa shule moja ya sanaa ng'ambo ikamwalika Brashi kwenye kozi yake ya majira ya joto, kuchora na kupaka rangi, nauli na malazi juu yao.

Kilichomzuia kidogo ni mama. Mama alikuwa na sukari, mguu mmoja ulikuwa umevimba, na alikuwa akiishi na dada mkubwa wa Brashi, fundi cherehani, ambaye ndiye aliyemlisha dawa na kugombana naye kuhusu chai. Brashi alipokwenda kuomba ruhusa kwa sauti ya chini, mama alimcheka.

"Nenda zako. Mimi si bango, sitapauka."

Akaenda.

Shule ilikuwa jengo la zamani lenye ngazi zinazolia. Darasa lilikuwa ghorofa ya juu, chumba kimoja kirefu chenye madirisha upande mmoja tu, sakafu ya mbao yenye madoa ya kila rangi, harufu ya tapentaini na kahawa iliyosahaulika. Mwalimu alikuwa mwanamke mwembamba, miwani yake ina matone ya rangi nyeupe kama aliyetembea chini ya dari linalopakwa. Siku ya kwanza alipandisha kiti cha mbao juu ya meza akasema:

"Msichore kiti. Choreni nafasi zilizo kati ya miguu yake."

Brashi alichora kiti. Alikichora upesi, kizuri, miguu minne imesimama sawasawa kama askari. Mwalimu akaja akasimama nyuma yake.

"Hicho ni kiti," alisema. "Ila si hiki. Hiki cha mezani mguu mmoja umepinda. Wewe umechora kiti unachokijua."

"Mwalimu, kwetu ukichora kiti kilichopinda mteja anakurudishia bango lake."

Darasa likacheka. Mwalimu naye alicheka, kisha akamgeuzia karatasi upande wa pili. "Rudia. Safari hii tazama."

Chumbani alilala na mfamasia mstaafu wa nchi nyingine, mzee mnene mwenye mikono laini, aliyekuja kujifunza kupaka rangi kwa sababu, alivyosema, alikuwa amehesabu vidonge maisha yake yote na sasa alitaka kufanya kitu kisichohesabika. Usiku alikoroma kama mashine ya kusaga. Asubuhi aliomba radhi kwa mkoromo wa jana na wa kesho kwa pamoja.

Wiki ya pili, wakati wa mapumziko ya mchana, Brashi alikuwa kwenye sinki la korido akiosha brashi zake, simu ikalia. Alikuwa Kinyozi, yule rafiki yake. Nyuma yake mashine ya kunyolea ilikuwa ikinguruma na redio inaimba.

"Ndugu yangu! Pole. Pole sana, ndugu yangu. Nimejaribu kukupata tangu juzi. Tumempumzisha mama vizuri, usiwe na wasiwasi, watu walijaa mpaka barabarani. Mjomba wako alisimama kidete. Yaani hata mvua ilitustahi."

Brashi alisikia kila neno. Maji yalikuwa yanaendelea kutoka.

Upande ule sauti nyingine ikadakia ndani ya kibanda, "We! Si tuliambiwa asiambiwe?"

"Nani kaambiwa?"

"Watu wote! Kwenye kikao. Wewe ulikuwa umefuata viti."

Mashine ikazimwa. Redio nayo ikazimwa.

"Brashi," Kinyozi akasema taratibu. "Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Nilikuwa nasema mama... kuna mama mmoja hapa mtaani..."

"Kinyozi."

"Naam."

"Basi, bwana. Nimesikia."

Kinyozi akaanza kulia. Alilia kama mtoto, na katikati ya kulia akaomba: "Usiseme umesikia kwangu. Dada yako atanikata masikio kwa mashine yangu mwenyewe."

Brashi alimwahidi. Kisha akaendelea kuosha brashi. Alipomaliza zote alianza upya na ile ya kwanza, ambayo ilikuwa safi. Alingoja kitu kiinuke kutoka kifuani kije kooni, kama alivyosikia kwamba huja. Hakikuja. Ilikuwa kama pale daktari wa meno anapokuchoma sindano ya ganzi: unaligusa shavu kwa kidole na ni kidole ndicho kinachohisi, shavu ni la mtu mwingine.

Kengele ilipolia alirudi darasani. Mchana ule walichora chupa tatu na kitambaa. Brashi alitazama chupa na kuchora alichokiona, na hakuona kitu kingine. Mwalimu alipita, akarudi, akasimama.

"Leo mkono wako umetulia," alisema. "Hivyohivyo. Usiubadilishe."

Jioni dada akapiga simu, kama kawaida yake. Brashi alikaa ukingoni mwa kitanda, sentensi yake iko tayari mdomoni: Dada, nimejua.

"Hujambo, mdogo wangu?"

"Sijambo, Dada. Mama hajambo?"

Dada akavuta pumzi, kama mtu anayevuka mtaro.

"Hajambo. Amelala. Unajua zile dawa zake."

Nyuma ya sauti yake viti vilikuwa vinaburutwa, na watu wengi wanaongea polepole.

"Mbona kuna watu?"

"Wateja. Sare za shule hizi, watu hawana subira kabisa."

Sauti yake ilikuwa nyepesi na ya furaha, na Brashi akaelewa kwamba ilishikiliwa kwa mikono miwili. Akimwambia sasa ataiangusha mbele za watu. Akaimeza ile sentensi.

"Haya. Akiamka msalimie."

Uongo wa kwanza ulikuwa wa dada. Kuanzia hapo wakawa wawili.

Siku zikaenda, na mama akaanza kupata nafuu. Kwanza aliketi. Kisha akanywa uji wote. Siku nyingine dada alisema mguu umepungua uvimbe, na mama ameuliza kama huko ng'ambo wanajua kupika.

"Mwambie wanajua kuchemsha."

"Amecheka! Amesema rudi kabla hujachemshwa wewe."

Nao wakacheka wote wawili, kila mmoja kwenye simu yake. Wiki iliyofuata mama alitoka nje akagombana na jirani kwa ajili ya kuku walioparua bustani, na maneno aliyomwambia yule jirani yalikuwa makali na matamu kweli, maneno ya mama hasa. Brashi alijua kwamba dada aliyatunga mwenyewe, na bado aliyataka. Akawa anauliza vitu vidogovidogo: amevaa nini leo, amesemaje kuhusu mvua? Dada alijibu kila kitu.

Mara moja alibonyeza zaidi, kama mtu anayelibonyeza shavu lenye ganzi kuona kama limezinduka.

"Hebu mpe simu nimsikie."

Dada akasema haraka, "Sauti imemkauka, ana kikohozi. Msikilize mwenyewe." Simu ikasogezwa, na kutoka mbali kidogo kikasikika kikohozi chembamba, cha taabu, chenye heshima zote.

Brashi alikijua kikohozi kile. Kilikuwa cha mjomba.

"Mpe pole," akasema.

Darasani alikuwa amekuwa mfano. Mwalimu aliwaambia wengine wamtazame anavyotazama. Hakuharakisha, hakupamba, hakuchora kitu kwa sababu alikipenda au alikichukia. Mguu wa kiti ukipinda alichora ulipopindia. Wenzake walimwomba siri yake. Angewaambia nini? Kwamba ukifiwa na mama na usiambiwe, mkono unatulia?

Siku moja Mwalimu aliwaambia waweke kila kitu kando wachore uso wa mtu wanayempenda, kwa kumbukumbu. Brashi alianza na yai. Aliweka macho, pua, mdomo, akaweka mistari ya umri pembeni mwa mdomo. Aliporudi nyuma hatua chache kutazama, mbele yake kulikuwa na kichwa cha ukutani kwa kinyozi, kilichofungwa kilemba. Shingo ndefu. Tabasamu lilelile.

Alijaribu kukumbuka kama kovu la mama lilikuwa kwenye nyusi ya kulia au ya kushoto. Alijua kwamba lilikuwepo. Alijua hadithi yake, mlango wa kabati, sherehe ya nani. Upande ndio hakuujua. Miaka yote ile alikuwa akimjua mama tu, bila kumtazama.

Akachukua rangi nyeupe akapaka karatasi yote, kama anavyofuta bango duka likibadilisha mmiliki.

"Kwa nini umemfuta?" Mwalimu aliuliza.

"Hakuwa yeye."

"Ni nani?"

"Mama."

"Basi ukirudi umtazame vizuri."

"Ndiyo, Mwalimu."

Jioni hiyo Mfamasia alimkuta amekaa na simu mkononi baada ya kuzungumza na dada. Alikuwa amewasikia wakicheka.

"Mama anaendelea vizuri?"

"Vizuri. Leo ameshona kifungo." Kisha, bila kubadilisha sauti: "Alikufa wiki ya pili."

Mfamasia alikaa kitandani kwake taratibu. Kitanda kikalia.

"Na hao wanaokupigia hawajui?"

"Wanajua. Wasichojua ni kwamba mimi najua."

"Sasa nani anamdanganya nani?"

"Kila mtu anamhurumia mwenzake."

"Nimeuza dawa za usingizi tangu ujana," Mfamasia alisema. "Sijawahi kuuza kali kama hii." Akavua viatu, akavitazama. "Wewe una chupa zako za kuchora. Dada yako ana nini? Mwambie, bwana."

Brashi alijua kwamba ni kweli, na alijua kinachomzuia. Akisema, mama hatagombana tena na jirani. Hilo moja. La pili lilikuwa baya zaidi: akisema, watamngoja alie, naye alikuwa amejitafuta kila mahali asione chozi. Mtu gani hamlilii mama yake?

Hata hivyo alijaribu. Jioni iliyofuata, dada alipokuwa katikati ya habari za mguu, akamkatiza.

"Dada, kuna jambo nataka kukuambia. Kuhusu mama."

Dada aliacha kupumua. Alisikika akiacha.

"Subiri," akasema, "subiri kidogo, mama ananiita." Akakata simu.

Hakupiga tena siku mbili. Alipopiga, alisimulia hali ya hewa, na Brashi akamwacha asimulie. Akajiambia atasema akifika, uso kwa uso.

Kozi iliisha kwa maonyesho. Picha ya Brashi, ya nafasi zilizo kati ya miguu ya viti sita, iliwekwa karibu na mlango ambapo kila mtu aliiona. Watu walimshika mkono. Mwalimu alimkumbatia na kumwachia rangi nyeupe begani. Mfamasia alilia kwa niaba ya wote. Brashi alisema asante, asante sana, na sauti yake aliisikia ikitokea chumba cha pili.

Mjomba ndiye aliyekuja kumpokea. Njia nzima aliongea kuhusu barabara.

"Mama?" Brashi aliuliza mara moja.

"Twende kwanza nyumbani, mwanangu."

Sebuleni viti vilikuwa vimepangwa ukutani na kila kimoja kina mtu. Jua la alasiri lilikuwa bado linaingia dirishani. Walimkalisha katikati. Shangazi, mwanamke mwenye mwili mkubwa, akaja akasimama nyuma ya kiti chake, mikono tayari, maana kazi ya kumdaka alikuwa amepewa yeye. Kinyozi alikuwa pembeni akitazama viatu vyake. Dada alisimama mlangoni na sinia lenye glasi ya maji, ya kumzindulia.

Mjomba akainuka, akakohoa. Shangazi akamtupia jicho.

"Mwanangu," mjomba alianza, "dunia hii ni mapito. Mti hata uwe mkubwa vipi... na mto nao, ukiutazama, hautiririki kurudi... na sisi tulikaa kama familia, tukaona, mtoto yuko mbali, yuko masomoni..."

Alizunguka hivyo mto na mti, jasho likimtoka. Brashi hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akimtazama dada. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimtazama bila kumjua. Aliona nafasi kati ya kiwiko chake na ubavu, pana, pengo ambalo mwanga wote wa mlango ulipita. Gauni alilojishonea mwenyewe lilikuwa limesimama mbali na mwili. Shingoni pembeni mwa mfupa palikuwa na shimo ambalo ungeweka kidole. Glasi ilikuwa ikigonga sinia, kidogokidogo, bila kukoma.

"Mjomba, kaa," Brashi akasema. "Najua."

"Unajua nini?"

"Mama. Najua tangu wiki ya pili."

Kinyozi alifumba macho.

"Wiki ya pili?" Dada aliuliza kutoka mlangoni.

"Ndiyo, Dada."

"Na yale ya kuku?"

"Nilijua."

"Na kifungo?"

"Nilijua."

"Na kikohozi?"

"Kilikuwa cha mjomba."

Shangazi aliangua kicheko kimoja, kikubwa, kisha akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Dada hakucheka. Aliweka sinia sakafuni kwa uangalifu ili maji yasimwagike.

"Ulijua," alisema. "Ukaniacha niimbe."

"Nilitaka kukuambia. Ulikata—"

"Kila jioni nilikuwa namfufua kwa ajili yako. Namvalisha, namtoa nje, namtafutia maneno. Na kila nikikata simu anakufa. Wewe umefiwa na mama mara moja, Brashi. Mimi sijui ni mara ngapi. Watu wamelia hapa wakamaliza wakaenda kwao, mimi niko chumbani natafuta la kuchekesha."

"Dada."

"Usiniite."

Akaingia chumbani kwake, mlango ukafungwa bila kishindo.

Shangazi, ambaye mikono yake ilikuwa imekosa kazi, akaiweka mabegani mwa Brashi. "Lia, mwanangu. Lia upoe."

Brashi alijaribu. Watu wote walikuwa wakimtazama kwa huruma, wakimsubiri.

"Baadaye, Shangazi," akasema.

Asubuhi aliamshwa na mshindo kutoka uani. Alikuwa amelala sebuleni, juu ya viti viwili. Akaenda dirishani, jikoni.

Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi. Shangazi, aliyekuwa akiwasha moto, alimwambia bila kuulizwa kwamba dada alikuwa amekataza mtu yeyote kukigusa tangu siku ile. Simu zote alizipiga akiwa humo, amekaa kitandani kwa mama, kwa sababu alisema humo ndimo maneno yalimjia. Sasa shuka zilikuwa kwenye kamba zikichuruzika maji, na dada alikuwa amekokota godoro la mama mpaka katikati ya uwanja peke yake. Alikuwa akilipiga kwa fimbo ya ufagio. Vumbi lilitoka upande huu, akahamia upande ule, akapiga, akafuta uso kwa mkono wa gauni, akapiga tena. Alikuwa akilia kwa sauti bila kujali nani anamsikia.

Kisha fimbo ikamponyoka. Aliitazama ilipoangukia, hakuifuata. Akakaa ukingoni mwa godoro, akavua ndala zake akaziweka pamoja pembeni, kama mtu anayelala nyumbani kwa watu. Akalala ubavu, magoti yamekunjwa, mkono chini ya shavu.

Brashi alisimama pale dirishani akimtazama. Hakutoka, hakumwita mtu. Shuka zilidondosha maji. Jua lilipanda mpaka likamfikia dada usoni, naye hakuamka; ubavu wake ulikuwa ukipanda na kushuka taratibu.